Huyu Dereva Anaenda Wapi?

Katika mtaa wetu uitwao Tena, muvi haikuhesabiwa kuwa umeiona mpaka uwe umeisimulia. Ungeweza kushinda kwenye kibanda cha video kutwa nzima, macho yakawa mekundu kwa moshi wa sigara za wenyewe, lakini kama ulirudi ukashindwa kukaa kwenye ngazi za fleti na kuieleza mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umejisumbua bure. Na kusimulia kulikuwa na sheria zake. Lazima kuwe na steringi, yaani yule mwenye muvi yake, na lazima kuwe na adui. Risasi haimpati steringi mahali pa maana. Steringi hafi. Msimulizi akijisahau akamwua, aliambiwa arudi akaangalie vizuri.

Bingwa wa ngazi zetu alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye alikuja kukaa kwetu kutoka Machakos baada ya kumaliza Fomu Foo, yaani kidato cha nne. Alikuwa akifanya kazi palepale kwenye kibanda cha video, kuweka kanda na kufukuza wasiolipa. Mimi nilikuwa msichana wa Fomu Tuu na sikuruhusiwa hata kupita karibu na mlango wake. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, na kwake kibanda kile kilikuwa jehanamu yenye bango. Kwa hiyo muvi zote za majambazi za miaka ile nilizipokea kwa mdomo wa binamu, pamoja na tairi zinazolia, helikopta na bunduki, ambazo zote alizifanya kwa ulimi na mashavu. Mpaka leo kuna muvi nikiziona kwenye tivi nahisi zimekosea. Binamu alizieleza vizuri zaidi.

Karibu kila moja ilikuwa na mahali pale ambapo steringi anahitaji gari. Yuko mbio, polisi wako nyuma, anasimamisha gari la kwanza analoliona, anamshika dereva ukosi, anamtupa nje na kuingia yeye. Binamu alikuwa na namna yake ya kumwangusha yule dereva, puu, miguu juu, na ngazi nzima ilicheka. Nilicheka nami. Hata Baba, ambaye alikuwa dereva, siku moja alipita na mkoba wake wa kazi akasikia na kucheka. "Huyo dereva hajui milango hufungwa kwa ndani?" aliuliza, akapanda zake juu.

Baba aliendesha lori dogo la tajiri mmoja mwenye ghala kule Indasta, eneo la viwanda. Alipeleka mafuta ya kupikia na sabuni kwenye maduka ya barabara ya Kangundo, na mvua za El Nino zilikuwa zimeiacha barabara hiyo na mashimo ya kuzika ng'ombe. Jioni moja hakurudi. Alifika asubuhi, wakati wanawake wamejaa mferejini uani wakichota maji. Hakuwa na viatu, hakuwa na shati wala suruali. Alikuwa amejifunga leso ya kike, ya manjano yenye maua meusi, na miguu yake ilikuwa imekatikakatika. Alipita katikati ya ndoo bila kusalimia mtu.

"Wamechukua gari," alisema mlangoni.

"Nani?" Mama aliuliza.

"Wezi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Walinishusha."

Basi, maelezo yakaishia hapo. Aliyarudia hayohayo kwa polisi, na akayarudia kwa tajiri. Lori lilipatikana limetupwa, tupu, halina hata betri. Tajiri alikuwa mtu wa hesabu. Kama ulishushwa jioni pale karibu na Komarock, alimwambia Baba, mbona umefika Tena asubuhi? Hapo hata kilema anafika kabla ya taarifa ya habari. Tajiri akamwambia akae nyumbani mpaka akumbuke alikuwa wapi usiku ule, na kama mwezi utaisha hajakumbuka, atawaambia polisi wamweke kundi moja na waliomwibia.

Hilo ndilo lililokuwa limening'inia juu ya nyumba yetu, Baba aseme au afungwe. Na Baba hakusema.

Mama naye alikuwa na swali lake, na Mama yangu alijua kugombana bila kufungua mdomo. Aliifua ile leso, akaianika, akaipiga pasi, akaikunja vizuri kama nguo ya mgeni, kisha akaiweka juu ya mkono wa kochi ambalo Baba hukalia. Palepale, juu ya kitambaa cha kufuma. Kila Baba alipokaa, kiwiko chake kiliigusa. Hakuitoa. Mama hakuitoa. Sisi watoto tulijifanya hatuioni, na hiyo ni kazi ngumu kwa kitu cha manjano.

Nilichanganyikiwa kabisa. Nikimtazama Baba akinywa chai, niliona wanaume wawili. Mmoja alikuwa wa tajiri, yule aliyegawana sabuni na wezi. Mwingine alikuwa wa Mama, yule aliyekuwa kwa mwanamke mwenye leso. Sikumwamini hata mmoja, lakini yule wangu wa zamani, mwenye mkoba na mzaha wake, sikumwona popote. Nilimkasirikia. Kama huna hatia si useme tu?

Binamu akatuletea wa tatu.

Watoto wa fleti walikuwa wamemwandama. "Buda, si utuchanue vile mjomba wako alihepa majambazi," walimwambia kwa Sheng yao, yaani awaeleze Baba alivyotoroka, na binamu hakuwahi kuachia ngazi kiu. Nilikuwapo. Alianza taratibu, jua linazama Komarock, lori linakuja, gari jeusi linalikata mbele. Kisha Baba akaruka lori likiwa bado linaenda, akabiringika, akasimama, akampokonya mmoja bastola kwa teke, wakakabana juu ya tuta la matope ya El Nino. Akawatoroka kwa kupitia paa za nyumba. Hata ile leso aliipatia kazi, ilichomolewa kwenye kamba ya nguo ili adui wasimtambue. Ngazi zililipuka kwa makofi. Mimi nilijua ameokota kipande huku na kipande kule, teke lile lilikuwa la muvi ya wiki mbili nyuma, lakini nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye Baba niliyemtaka.

Tangu siku hiyo Baba akitoka kununua maziwa, watoto walimwita steringi. Hakugeuka. Na jioni, binamu akianza tu kusimulia pale chini, Baba alikuwa akifunga dirisha la sebuleni, hata kama kuna joto.

Sasa, Baba alikuwa na tanboi wake, kijana wa kupakia na kupakua mizigo, ambaye siku ile ya wizi alikuwa mgonjwa. Alikaa Umoja, karibu tu nasi. Hadithi ikamfikia, akaibeba ilivyo mpaka ghalani. Tajiri akamwita Baba. "Kwa polisi umesema hukuona sura ya mtu," alimwambia. "Mtaani unasema umepigana nao mpaka ukachukua bastola. Hii ni muvi gani?"

Baba alirudi akasimama katikati ya sebule.

"Nani amesema nilipigana?"

Binamu aliangalia viatu vyake. "Ni mimi, mjomba. Nilikuwa nakupea sifa."

Baba hakumpiga wala kumtukana. Aliketi kwenye kochi lake, kiwiko juu ya leso, akageukia dirisha. Afadhali angempiga, tungejua tuanzie wapi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache sana.

Nadhani ni kwa kutaka kulipa kosa lile ndiyo binamu akaja na mashine ya gemu Jumapili hiyo. Mwenye kibanda alikuwa ameinunua kupanua biashara, na Jumapili walifungua alasiri, kwa hiyo binamu aliomba akae nayo mpaka saa hiyo. Alimwambia Mama ni gemu ya kuendesha magari tu, mjomba apumzishe akili. Mama, ambaye ndiyo kwanza ametoka kanisani na alikuwa anachagua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwa ungo, alitoa kitambaa juu ya tivi bila kusema ndiyo wala hapana.

Nilitegemea muvi. Nilikaa chini, tayari. Kikatokea kitu ambacho sikukielewa hata kidogo. Ulikuwa mji mzima, lakini unaonekana kutoka juu, kama umekaa juu ya paa la ghorofa na kuchungulia. Magari yalikuwa kama viberiti. Watu walikuwa vichwa na mabega tu, wanatembea.

"Steringi ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe. Ni yule mwenye kuchezesha," alisema binamu.

"Na adui?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Mwanzo wake uko wapi?"

"Manze, haina mwanzo. Unaenda popote unataka."

Hasira zilinipanda. Hadithi gani isiyojua inaenda wapi? Binamu akasimamisha gemu akanieleza, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye anatafuta maneno. Waliotengeneza hii, alisema, wameangalia muvi zote za majambazi, hizohizo ambazo amekuwa akizisimulia, halafu wamezivunjavunja kama mkate na kumwaga vipande mjini. Pale pembeni kuna simu inalia. Ukiipokea, bosi anakwambia kuna kazi, hicho ni kipande. Ukiiba gari makarao, yaani polisi, wanakufuata, hicho kingine. Usipoipokea simu hakuna kitakachotokea, utazunguka tu mpaka ufe.

"Steringi anakufa?"

"Anakufa kila saa. Anaamka, anaendelea."

Miaka yote ile tulikuwa tumelindwa na sheria moja, na hapa steringi anakufa na hakuna hata anayesikitika. Tena mwenyewe ndiye mwizi! Nilimtazama binamu nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Alikuwa amefurahi mpaka amesahau tuko kwenye msiba.

"Tazama sasa," alisema, na mtu wake akasimama mbele ya gari, akafungua mlango. Dereva akatupwa nje. Puu. Hata sauti ilikuwa ileile aliyokuwa akiifanya yeye. Kile kijitu kikainuka, kikakimbia upande wa tivi na kupotea, na gari likaondoka upande mwingine.

"Rudia," Baba alisema.

Hatukujua kama anatazama. Binamu akarudia kwa madaha, akachagua gari zuri zaidi. Dereva akaanguka, akainuka, akakimbia.

"Rudia tena."

Akarudia. Mama aliacha kuchagua.

"Huyu dereva anaenda wapi?"

"Nani, mjomba?"

"Huyo uliyemtoa."

"Aa, huyo si mtu wa maana. Amewekwa tu wa kutolewa."

"Mfuate."

Binamu alinitazama, akamtazama Mama. Kisha akamshusha mtu wake garini na kumfuata yule dereva kwa miguu. Mara ya kwanza alimpoteza kwenye kona. Akatoa mwingine, akamfuata mbio, kijitu kikatangulia mpaka ukingo wa tivi na mji ukasogea ili tukione. Barabara ilikuwa tupu.

"Ameisha," binamu alisema polepole. "Akishatoka hapa, mashine inamfuta. Haiwezi kubeba kila mtu."

"Inamfuta," alisema Baba.

"Ndiyo, mjomba."

"Hata wewe kwenye ngazi zako humfuta. Na mimi nilicheka." Baba aliiweka mikono yake magotini. "Mimi nitawaambia anaenda wapi."

Walimvua nguo, alisema, ili asiweze kufika mbali kuomba msaada. Shati, suruali, viatu, wakamwacha na nguo ya ndani tu, wakaondoka na lori. Giza lilikuwa linaingia. Aliona taa za nyumba akaenda kwenye geti la kwanza, akagonga, akasema nimeibiwa gari, nisaidieni. Mtu akachungulia tundu la geti akaona mwanamume aliye uchi. Filimbi ikapigwa.

"Mnajua filimbi," alisema Baba. Tulijua. Filimbi ikilia mtaani kwetu hakuna anayeuliza, watu hutoka na walichoshika.

"Nilikimbia nikipiga kelele kwamba nimeibiwa. Wao wanakimbia nyuma yangu wanapiga kelele mwizi, mwizi. Nani angetutofautisha? Hata mimi ningekuwa ndani ya nyumba yangu ningetoka na rungu. Nikasikia mmoja anaagiza tairi la kunichomea. Nikageuka kumsihi. Ni mtu wa duka, mteja wangu. Nampelekea sabuni kila wiki. Tulitazamana, na hakunijua."

Alitumbukia kwenye machimbo ya mawe, yale yaliyojaa maji ya mvua, na akasimama humo maji yakimfika kifuani mpaka kukakucha, maana wale waliomkimbiza walibaki juu wakimtafuta kwa tochi. Asubuhi wakaja wanawake wanaogonga kokoto. Mmoja alimwona. Baba alidhani atapiga kelele. Yule mama alifungua leso aliyojifunga juu ya gauni, akamtupia, akageuka akatazama upande mwingine mpaka amalize kujifunga. Akamwambia, nenda nyumbani, baba, watoto wanakungoja.

"Sasa tajiri nitamwambia nini?" alisema Baba. "Nikisema mtaa mzima ulinikimbiza kama mwizi, hapo atasikia neno moja tu. Mwizi."

Kwenye tivi mtu wa binamu alikuwa amesimama palepale barabarani, magari yanampigia honi. Nilikuwa nalia, na hata kilio chenyewe sikukielewa, kwa sababu kwa wiki zote zile kumbe nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyesimama ndani ya maji.

Mama alinyanyuka na ungo wake, akauweka mezani. Akaenda mpaka kwenye kochi akaichukua ile leso. Aliishika kifuani kwa muda.

"Kesho tunaenda kuirudisha," alisema.

"Simjui jina," Baba akasema.

"Leso yake anaijua."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilienda nao. Mama hakukubali kurudisha kitu cha mtu mikono mitupu, akafunga ndani ya leso pakiti ya majani chai na sukari. Tulizunguka machimbo kutoka rundo hadi rundo la kokoto, Mama akiwa ameinyanyua ile nguo ya manjano mbele yake, mpaka mwanamke mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope akaweka nyundo chini.

"Ai, umeipiga hadi pasi!" alisema, akacheka. Halafu akamwona Baba nyuma yetu, akaacha kucheka. "Ulifika?"

"Nilifika, mama. Asante."

Mama alimwomba neno moja zaidi, na yule mama akaja nasi mpaka Indasta na vumbi lake, akasimama mbele ya tajiri akaeleza alichokiona. Hakuongeza chumvi. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuomba msamaha. Alimwambia Baba arudi kazini, na Baba akamwambia atarudi, lakini si kwenye barabara ile. Akapewa njia nyingine. Yule mtu wa duka akawa anapelekewa sabuni na dereva mwingine, na kama aliwahi kuuliza yule wa kwanza alienda wapi, sisi hatukusikia.

Binamu hakusimulia kitu kwa siku nyingi. Watoto walimbembeleza, wakamtania kwamba gemu imemmaliza, na jioni moja akakubali. Nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi. Ilikuwa muvi mpya ya majambazi na aliianza vizuri, kwa king'ora na tairi zake, mpaka steringi akafika barabarani bila gari. Akasimamisha la kwanza. Akamshika dereva ukosi. Watoto walikuwa tayari kucheka.

Binamu akamwangusha, lakini bila ile puu, akaishia hapo.

"Endelea! Steri akaishia wapi na hiyo dinga?"

"Dinga iende," alisema binamu. "Ngojeni kwanza tumfuate huyu dere."

"Dere? Dere hayuko kwa muvi!"

"Yuko. Ameanguka hapo, si mmemwona?"

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema binamu amepagawa. Mwingine akauliza, basi sasa steringi ni nani, na binamu akasema hata yeye hajui. Nami sikujua. Nilichojua ni kwamba dirisha letu la sebuleni lilikuwa wazi, halijafungwa, na mkono wa Baba ulikuwa juu ya fremu yake.

Kisha mtoto mdogo kuliko wote, aliyekaa ngazi ya chini kabisa, akauliza kwa wasiwasi wa kweli kama dereva atakufa, "Na huyo dere, atadedi?"

Binamu aliinua macho.

"Hadedi," Baba alisema kutoka dirishani. Hakuwa amewahi kutamka neno hata moja la Sheng maishani mwake.